Mama Mkwe Hakunikaba

Kambini, shamba la mkonge, Korogwe

Kaka Kalisto,

Shikamoo. Mimi mdogo wako Desideri nipo, nakula, nafanya kazi. Wewe na shemeji mmeamkaje huko Mwazye? Mguu wako umeacha kuuma? Na mwanangu Yustina anacheka, au bado anamlilia mama yake?

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu. Unasema mmemtoa Yustina kwa bibi yake, wazee wamekaa, na ulezi ukishavunwa mganga atakuja kumnywesha mama mkwe dawa ya kupima wachawi. Ikimshinda afukuzwe kijijini. Kaka, zuia. Nilikosea mimi.

Nakueleza ilivyokuwa. Huku tunaanza kukata mkonge alfajiri. Saa saba mtu kamaliza kazi yake, anakula ugali, analala. Siku ile nililala chali. Nikaamka macho wazi, naona bati, nasikia wenzangu wanacheza bao nje. Mwili hauendi, hata kidole. Nikaita, sauti haikutoka. Halafu kitu kizito kikanikalia kifuani, pumzi ikawa ndogo. Kilipoachia nilikuwa nimelowa jasho mwili mzima.

Yupo mzee mmoja wa kwetu hapa, katoka upande wa Mtowisa. Akaniambia, "Umekabwa. Taja upesi uliyemwona. Akitajwa ataogopa." Kaka, mtu sikumwona. Niliona kitu cheusi tu. Lakini mzee kanikazia macho, anangoja jina. Nikakumbuka siku naondoka, mama mkwe hakutoka ndani kuniaga. Nikakumbuka na kaniki yake nyeusi. Nikasema ni yeye. Jioni ile ile nikakuandikia. Hapo ndipo nilipoharibu.

Chumbani nakaa na mtani wangu, Mnyamwezi, anaitwa Maganga. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika tumbo.

"Nyie Wafipa! Mtu akikohoa, karogwa."

"Nyamaza. Wewe hujakabwa."

"Nani hajakabwa? Hilo ni jinamizi. Yule Mmakonde wa chumba cha tatu linamkaba, anasema ni mjomba wake. Mimi pia limenikaba. Sasa huyo mkweo anatoka Ufipa kwa miguu, anakalia kambi nzima, halafu anarudi kupika? Mwanamke hodari huyo. Nipe nioe!"

Nilikasirika. Siku tatu sikumsemesha.

Halafu nikakabwa tena, mchana vilevile. Nikasema moyoni, leo namtazama usoni. Nikatazama. Kaka, alikuwa nyapara wetu! Na kofia yake. Na wakati huo huo namsikia nyapara huyo huyo yuko nje, anamtukana mtu aliyepoteza kisu. Mtu mmoja atakuwaje huku na kule? Mwili uliponiachia nikacheka peke yangu. Maganga akadhani nimeingiwa na wazimu.

Sasa nalala ubavu. Nikigeuka chali Maganga ananipiga teke. Tangu hapo limekuja mara moja tu. Nikahangaika na kidole gumba cha mguu mpaka kikacheza, likaondoka. Uchawi sikatai kaka, upo. Lakini hili silo. Labda ni uchovu. Usingizi wangu sasa ni mzuri.

Na ile siku ya kuniaga nimeifikiria sana. Alikuwa ametoka kumzika mwanae, mke wangu. Mimi nisingetoka pia.

Fanya hivi. Ukipata barua hii acha kwanza kuvuna, ushughulikie hili. Mrudishe Yustina kwa bibi yake mchana, watu wakiona. Wazee waambie Desideri kafuta maneno yake. Wakisema nimefumbwa macho na uchawi wake, wangoje, siku zangu za mkataba zimebaki chache, nitakuja nisimame mbele yao. Mganga asiletwe.

Haya mengine mpelekee mama mkwe, yasomwe mbele yake na wewe mwenyewe ukiwepo:

Mama, shikamoo. Ni mimi mkweo. Niliogopa, nikatakiwa jina, nikataja lako. Hukunifanya kitu. Naomba radhi. Yustina ni wako, mlee. Nikija nitakulimia shamba lote, matuta makubwa, kama mwaka ule nilipokuja kuchumbia. Ukitaka kunitukana nitakaa chini nisikilize.

Kaka, nisalimie shemeji, umwambie ule unga alionifungia safarini siusahau. Nisalimie dada wa Kipili na samaki zake, na baba mdogo, ingawa najua ndiye aliyetaka mganga. Na katekista anayekusaidia kusoma barua zangu, mwambie hii asome polepole.

Mama mkwe akijibu neno, hata likiwa baya, niandikie kama alivyolisema. Usilipunguze.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Desideri