Msituite Wavumilivu

Kwa Bibi yangu Fumi, huko Iwate,

Shikamoo. Mwani uliotuma umefika, na Shangazi Kiyo ameula karibu wote peke yake. Baridi ya hapa Tokyo ni mzaha tu.

Bibi, nimefanya jambo. Unanijua, hata kuuliza njia naona haya. Mwalimu Nagase alinichagua niwaeleze wageni wa shule kuhusu kwetu, Kaskazini-Mashariki, na watu wake. Niliandika juu ya bahari, figili zako na ukali wa ulimi wako. Akafuta yote, akaandika: "Watu wa Kaskazini-Mashariki ni wavumilivu."

"Mwalimu, Bibi yangu si mvumilivu," nilimwambia.

Akacheka. "We mtoto, hiyo si sifa? Kila mtu huwasema hivyo!"

Ndiyo sifa wanayokuletea maofisa, wakikuinamia mlangoni na kukushukuru kwa uvumilivu, na wewe tangu tsunami ile, huu ni mwaka wa nne, umo kwenye nyumba ya muda, unasikia jirani akikohoa nyuma ya ukuta.

Jana nilipanda jukwaani mbele ya wageni. Nikasema kwa lugha ya kwetu, si ya shuleni: "Watu wetu wamechoka kusubiri. Bibi yangu anataka nyumba." Mtu akacheka namna ninavyosema. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Mwalimu amenipa karatasi hii niandike barua ya kuomba radhi. Nimekuandikia wewe.

Mjukuu wako, na sijutii,
Chigusa