Mashine ya Kahawa na Debe la Daudi

Neema mjukuu wangu,

Huku Oldeani tu wazima, ila baridi imezidi. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Picha ya bendi yenu ya roki nimeionyesha kanisa zima. Akina mama wanasema gita ni kubwa kuliko wewe.

Umeniuliza kama mumtoe Elia katika bendi, kwa kuwa ngoma zake haziendi sawa na mapigo ya kompyuta mnayoifuata, na sasa mnaitwa kwenye majukwaa makubwa. Kompyuta siijui. Mashine naijua.

Nilipokuwa mchuma kahawa tulikuwa na bendi, mimi nikiimba. Tulifanya mazoezi kando ya mashine ya kumenya kahawa, tukafuata mapigo yake. Mpiga ngoma wetu, Daudi, hakwenda nayo sawa, tukamtoa.

Kisha tukaalikwa kupiga harusini Karatu. Kule mashine haikuwepo, na kila mmoja wetu akashika mapigo yake. Watu wakaanza kucheka. Daudi, aliyekuja kama jirani wa bwana harusi, akachukua debe tupu jikoni, akaketi nyuma yetu.

"Imbeni," akasema, "niko hapa."

Wimbo ukatulia, hata wazee wakainuka kucheza. Baadaye akalirudisha debe, akaenda zake. Nikasema nitamwomba radhi Jumapili. Jumapili nikaona haya, na zilizofuata vilevile, mpaka tukamzika.

Elia wako bado yupo. Zimeni kompyuta, mpige naye wimbo mmoja, ndipo muamue.

Bibi yako,
Paulina