Nimeibadilisha Sifa ya Musyoka, na Sasa Naogopa

Jumapili jioni, mwezi wa saba. Baridi. Ukungu haukutoka juu ya vilima vya Iveti mchana kutwa. Nimefika nyumbani, nimeketi, na bado sijavua koti.



Kwa anayesoma bila kutujua: kila Jumapili baada ya kanisa, sisi wanne hukutana dukani kwa Ndinda, fundi wa kushona sare za shule. Siku hiyo duka limefungwa, na meza yake ya kukatia vitambaa ni pana, ramani yetu inaenea vizuri. Tunacheza mchezo wa kusimulia. Mimi ndiye msimulizi: naeleza nchi, milima, majitu na majeshi. Ndinda, Mutua na Musyoka, kila mmoja ana mhusika wake na ndiye anayeamua mhusika huyo atafanya nini. Jambo likiwa gumu tunarusha dadu, na dadu haibembelezwi. Maadui tunawaweka kwa vifungo vyeusi vya makoti.

Kila mhusika ana sifa zake. Mmoja anaona gizani, mwingine hadhuriwi na sumu. Kitabu cha sheria kimejaa sifa za namna hiyo, lakini tulizichoka, tukaanza kupika zetu wenyewe. Mpishi ni mimi. Sifa ikizidi nguvu, lawama ni zangu.

Sasa Musyoka. Yeye ni karani kwenye machimbo ya mawe upande wa Lukenya, na ana kigugumizi. Sitaandika hapa jinsi anavyokwama, herufi kwa herufi, kwa sababu hiyo si yangu ya kuonyesha watu. Nitaandika alichosema. Ujue tu kwamba kila sentensi yake ilichukua muda mrefu kuliko unavyoisoma.

Tulipoanza hadithi hii mpya, yeye ambaye haombi kitu alinitumia ujumbe kuomba sifa moja. Mhusika wake, Kavuli, awe na Sauti ya Amri. Akiamuru, kila mwenye masikio atii. Bila dadu.

Nikampa. Sikupima chochote. Nilifurahi tu kwamba ameomba.

Ikatuharibia mchezo. Majambazi wanatuzingira darajani, Musyoka anagonga meza na kusema "Sauti," majambazi wanaweka panga chini. Jitu linatoka pangoni, "Sauti," jitu linarudi pangoni. Mhusika wa Mutua amebeba shoka kubwa kuliko yeye mwenyewe, na miezi yote hiyo hakupata nafasi ya kulishusha begani.

"Mwikali, sikiza," Mutua akaniambia siku moja, Musyoka akiwa nje anapokea simu. "Sisi huwa tunakuja hapa kufanya nini? Kumshikia Musyoka koti?"

Ndinda aliinamia sindano yake. Alikuwa anapinda kola ya sare. Mtu anayeshona katikati ya vita amechoka na hivyo vita.

Nikaanza kupunguza. Kwanza nikasema sauti itumike mara moja tu kwa kila safari. Haikusaidia. Aliitunza kwa ajili ya adui mkubwa, na adui mkubwa akaanguka kwa neno moja. Kisha nikasema wenye akili kali hawaisikii, halafu nikajikuta nampa kila adui akili kali, mpaka mbwa wa mlinzi. Sifa ikabaki jina.

Na kila nilipopunguza, Musyoka aliitikia kwa kichwa akasema sawa.

Hiyo sawa ndiyo iliyoniuma. Namjua tangu tukiwa shule, na nimemsikia akiisema kwa watu wengi ambao hawakustahili kuambiwa sawa. Ni neno fupi. Linamaliza mazungumzo haraka.

Jumatano alikuja kazini kwangu. Nauza dawa za mifugo hapa mjini, na saa hiyo nilikuwa na mzee wa kutoka Mwala aliyetaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Musyoka akangoja mpaka mzee akaenda.

"Nimefikiria," akasema. "Rudisha nguvu yote. Lakini iwe lazima niseme."

"Useme nini?"

"Amri yenyewe. Pale mezani, kwa mdomo wangu, sentensi nzima. Nikiwa naongea, wewe unasogeza adui. Nikimaliza kabla hawajamfikia Kavuli, wanatii. Wakifika kwanza, basi."

"Hapana, Musyoka. Hiyo siwezi."

"Na mtu asinimalizie."

"Nimekuambia siwezi."

Akaniangalia. "Hii sifa ni ya nani? Ni yangu ama ni yako?"

Kama msimulizi, nilijua papo hapo kwamba hiyo ni sheria nzuri kuliko zote nilizobuni. Nguvu inabaki kubwa, hatari inakuwa ya kweli, na wengine wanapata kazi ya kufanya. Kama rafiki yake, nilitaka kwenda kujificha nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Nikakubali. Tangu hapo chakula hakipiti vizuri. Jana mama aliniwekea muthokoi wa mahindi na maharagwe, nikauzungusha kwenye sahani mpaka akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Naogopa tu.

Leo tukacheza.

Nilieleza kilima, na chini yake kijiji, na jeshi la wapanda fisi likishuka kuelekea huko. Nilipanga vifungo safu nzima. Kavuli alikuwa mbele peke yake, wenzake mbali nyuma yake. Nikawaeleza Mutua na Ndinda sheria mpya. Mutua aliacha kutafuna karanga.

Musyoka akasimama. Mchezo wetu hatuchezi tukiwa tumesimama, lakini yeye alisimama, akashika ukingo wa meza. Amri yake ilikuwa: shukeni chini, muwaachie fisi waende zao.

Neno la kwanza likakwama.

Nikasogeza safu. Shingo yake ilikakamaa, macho akayafumba. Nikasogeza tena. Mutua aliikazia macho ramani kama mtu anayesoma notisi. Niliona mdomo wa Ndinda ukianza kufunguka, nikajua anataka kumsaidia, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Neno la kwanza likatoka. La pili likatoka. Mkono wangu nao ukapunguza mwendo. Sikuamua, naapa. Ulipunguza wenyewe. Vifungo vikawa vinatambaa kama vimeshikwa na gundi.

Akaona.

Aliiacha amri katikati, akautazama mkono wangu, kisha uso wangu.

"Sogeza," akasema. Hata hilo lilimkwama mwanzoni, lakini alilimaliza.

Nikasogeza. Vifungo vilimfikia Kavuli akiwa amebakiza neno moja.

"Wamefika," nikasema. Sauti yangu niliichukia.

Musyoka akaketi.  Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, tukasikia kila jiwe lililogongwa na gurudumu.

Halafu Mutua akanong'ona, "Shoka." Kisha akaruka kutoka kwa stuli. "Shoka! Mwikali, natoa shoka! Namkimbilia Kavuli!"

Akarusha dadu kwa nguvu mpaka ikaanguka sakafuni, tukapiga magoti wote kuitafuta kati ya vipande vya vitambaa. Ndinda aliweka kola chini. Mhusika wake, mganga, alipita akitambaa chini ya matumbo ya fisi, akamshika Kavuli miguu, akamvuta. Mutua alizuia njia akapigwa, akainuka, akapigwa tena. Tulipiga kelele mpaka mwenye kibanda cha jirani akaja kuuliza kama kuna mtu ameibiwa. Nusu ya kijiji iliungua, nusu ikapona, na Kavuli akatoka akiwa hai, mkono mmoja umevunjika.

Ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote tuliyowahi kucheza. Musyoka alirusha dadu zake zamu ilipofika. Hakuongea sana.

Tulipokuwa tunakunja ramani, Mutua aliniambia, "Hiyo sheria ndiyo sasa. Usiiguse."

Ndinda alingoja mpaka Musyoka akatoka nje. "Uliona shati yake huku mgongoni? Imelowa chapa, na hii baridi. Mimi sitaki kuona hiyo kitu tena, Mwikali. Huu ni mchezo tu."

Niliwasikiliza wote wawili, na kila mmoja nilimwona ana haki.

Nilimsindikiza Musyoka mpaka barabarani. Nikamwambia, "Tuitoe hii sheria. Nitatafuta njia nyingine ya kusawazisha."

Aliendelea kutembea. Kisha akasema, na ilichukua sehemu kubwa ya ile barabara:

"Siku ya harusi yangu pasta alinimalizia kiapo. Nilikuwa nimefika katikati. Alinionea huruma, akamalizia, watu wakapiga makofi. Katunge ameolewa kwa sauti ya pasta."

Sikujua kwamba hilo lilimuuma. Nilikuwepo kanisani siku ile. Nilipiga makofi.

"Leo nimeshindwa," akasema. "Lakini hakuna mtu amenimalizia."

Sikuweza kusoma uso wake. Hakuwa anatabasamu. Nikaanza kumuuliza kama maana yake ni kwamba ameridhika, nikanyamaza, kwa sababu nilijiona nikimwekea maneno mdomoni. Akapanda pikipiki akaenda.

Nimerudi nyumbani nikiwa na hofu tatu nne zinazosukumana. Kwamba nimemdhalilisha mbele ya watu kisha nikaita hiyo usawa. Kwamba hatakuja tena, na atasema sawa. Kwamba atakuja, na atakwama kila Jumapili, na sisi tutazoea kuona shati lake limelowa. Sifa ya kwenye karatasi unaweza kuipima: ongeza hapa, toa pale. Kitu kilichosimama mezani leo sijui kinapimwa kwa nini.

Nikiwa naandika hapo juu, simu imelia. Ni ujumbe wake.

"Nimemweleza Katunge habari za leo. Anataka kuja Jumapili ijayo aone. Ni sawa?"

Hakuna kingine. Nimesoma mara nyingi nikitafuta kama kuna hasira ndani yake, au furaha. Nimejibu, "Aje."

 Jumapili itafika, niwe tayari nisiwe tayari. Katunge atakuwa ameketi pale pembeni ya cherehani, mume wake atasimama afungue mdomo, na mkono wa kusogeza vifungo utakuwa wangu.

Nisipoweza kusogeza, nitakuwa na tofauti gani na yule pasta?