Somo la Nne kwa Betri za Kuanika

Jumatatu, 8 Mei 1995
Somo la nne tena. Siku ya sita. Chini, juu, chini, juu, bega litulie. Betri za redio nilizianika juu ya bati tangu asubuhi, zikapata nguvu ya kunitosha upande mmoja wa kanda. Kipande cha kupigia nyuzi za gitaa nimekikata kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando. Kile cha kwanza, cha kitana, kilinikatikia.

Mwalimu wa kwenye kanda ana sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyeshiba. Yuko Dar, sijawahi kumwona. Tangazo lake nililiona gazetini, maana siku hizi magazeti ni mengi kama dagaa. Anatuma somo kwa posta, unarekodi zoezi, unarudisha, anakusahihisha. Nakiri sauti yake inanipendeza. Mjane wa miaka thelathini na minane! Hayo yabaki humu.

Alhamisi, 11 Mei
Imepangwa. Mdogo wetu Kabula, kitindamimba, anaagwa Jumamosi tarehe 8 Julai.

Nyumbani kwetu, binti anayeolewa hatoki chumbani mpaka gitaa la Baba lilie mlangoni. Aliwapigia dada zangu wawili, akanipigia na mimi. Wimbo ni uleule, aliutunga mwenyewe enzi zake za bendi ya dansi hapa Mwanza. Mwaka jana alianguka bafuni, na tangu hapo mkono wake wa kulia haumtii. Aliamuru gitaa litundikwe nyuma ya mlango, lisimwangalie.

Nililishusha mimi. Baba hajanielekeza hata neno moja, na jambo hilo linaniuma. Vidole vya kushoto naviweka kwa kukumbuka alivyokuwa akiviweka yeye. Mkono wa kulia sikuweza kuukumbuka, ulikuwa mwepesi mno. Ndiyo maana ya kanda hizi.

Nataka Kabula atoke kwa wimbo ule. Basi.

Jumapili, 14 Mei
Nimerekodi zoezi. Mara tatu, kwa sababu ya jogoo. Mara ya nne Kabula akapiga chafya. Nimeliacha hivyohivyo, chafya yake nayo iende Dar. Kesho posta kabla ya kengele ya shule.

Jumamosi, 3 Juni
Jibu limekuja! "Dada wa Mwanza, mkono wako ni mwepesi ajabu. Umenifuata sawasawa, kwa mwendo wangu uleule."

Nimerudisha nyuma mara nne nisikie tena. Nikamwekea na Baba, makusudi. Alisikiliza, akatabasamu kwa ule upande unaotabasamu, akaomba uji.

Nina furaha ya kijinga. Daftari za darasa la tano nimezisahihisha kwa huruma ambayo wanafunzi hawakuistahili.

Jumatano, 14 Juni
Wimbo mzima unapita, mwanzo hadi mwisho. Kwenye kumbukumbu yangu ulikuwa na kasi zaidi. Lakini utotoni kila kitu huonekana kikubwa, labda na nyimbo ni hivyo. Mwalimu kasema mwendo ni huo.

Jumamosi, 24 Juni
Aibu. Aibu tupu.

Nilikwenda kanisani kufanya mazoezi na mpiga kinanda wa kwaya, kwa kuwa kule kuna umeme. Sauti ya gitaa langu ilikuwa chini kuliko ya kinanda chake, havielewani hata kidogo. Nikamwambia kinanda chake kibovu. Akakataa. Nikatoa kanda ya somo la nne iwe shahidi, maana nyuzi nilizikaza kwa kuifuata hiyo, tukaiweka kwenye redio ya kanisa.

Ikatoka sauti ya kijana mwembamba anayeongea kama anakimbizwa na mbwa. Chinijuuchinijuu. Nilishindwa hata kuhesabu. Huyo ndiye mwalimu wangu! Sauti yote ile ya mtu mzima ilikuwa betri zinazokata roho.

Mpiga kinanda alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mwalimu, mawe yako ya redio, hizo betri, yamechoka. Redio yako inavuta miguu, na wewe umejifunza kuvuta miguu."

Wiki saba nimejifunza mwendo wa konokono. Zimebaki mbili. Nimetembea hadi nyumbani Kiseke nikiwa nimelifunika gitaa kwa kanga.

Jumapili, 25 Juni
Baba alijua. Tangu siku ya kwanza! Huniita Mayu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Nilidhani unajua, Mayu. Nikasema binti yangu ana akili, amelegeza kanda ili ajifunze polepole."

Na zile sifa za mwalimu?

"Si ulirekodi kwa mawe yaleyale? Redio ya huko inazunguka sawasawa. Uvivu wako ulifika Dar ukiwa mbio."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilikasirika, nikaosha vyombo kwa kelele. Lakini sijamsikia akicheka hivyo tangu aanguke. Nilibaki na sufuria mkononi, nasikiliza.

Alhamisi, 29 Juni
Nimenunua betri mpya. Jambo la ajabu: mkono wa kulia nikiuongeza mwendo, unakwenda. Chini, juu, haukosei. Wiki zile za polepole zimeuingia mfupani. Adui ni wa kushoto. Vidole vinafika kwenye nyuzi wakati mimi nimeshapita.

Siku tisa.

Kabula, kwa upole wake, amesema tukodi muziki wenye spika kubwa, siku hizi wote ndivyo wanavyofanya. "Dada, usijiue kwa ajili yangu." Baba alikuwa mlangoni. Alisikia. Akarudi kitandani, akageukia ukutani, na chakula hakugusa.

Leo mtu akinitajia haraka haraka haina baraka, nitamrushia kata.

Jumamosi, 1 Julai
Nilikuwa uani nikikosea mahali palepale, mara ya kumi labda. Baba akaita kutoka ndani.

"Lete hapa."

Nilidhani anataka kulitundika tena. Nikampelekea, moyo umenishuka. Akasema niliweke mapajani mwake. Mkono wa kushoto ukapanda kwenye shingo ya gitaa, vidole vikakaa vyenyewe. Mwaka mzima hakuligusa, na havikusahau.

"Wa kushoto ninao. Wewe kaa hapa."

Nikakaa kulia kwake, mkono wangu ukapita juu ya ule wake uliolala. Mwanzoni tuligongana, nilikuwa namsubiri kwenye kila badiliko. Akanikaripia kama zamani. "Usinisubiri! Piga, mimi nitakufuata."

Nikapiga, naye akanifuata. Wimbo ukapita kwa mwendo wake wa kweli, niliokuwa naukumbuka, wala si utoto ulioukuza. Nilishindwa kuendelea mara mbili kwa sababu ya machozi. Ya tatu tukamaliza. Kabula alikuwa amesimama jikoni na mwiko, ugali unaungua.

Nampenda mzee huyu kupita kiasi. Na nimemchukia mwaka mzima kwa kunyamaza, hilo nalo niliandike.

Jumapili, 9 Julai
Nyumba kimya. Kabula aliondoka jana saa kumi.

Tulikaa mlangoni kwake, viti viwili vimebanana, gitaa moja. Tulipiga wimbo wote na mlango haukufunguka. Tukaanza upya. Katikati ya mara ya pili akatoka, poda yote imeharibika, akapiga magoti akaweka kichwa kwenye ule mkono wa Baba usiohisi. Sikukosea. Baba alikosea mara moja, pale, na hakuna aliyejali.

Leo nimefagia uwanja. Nimekunja mikeka ya watu. Mwalimu wa Dar nimemwandikia ukweli wote kuhusu betri, na kwamba masomo yake nimeyafaidi kuliko alivyonifundisha. Sijamwambia habari ya sauti yake.

Jioni Baba ameuliza kama somo la tano limefika. Lilifika wiki iliyopita, sikupata nafasi ya kulifungua. Amesema tulianze kesho, nikitoka shule. Ila tutumie betri za zamani.

Zilikuwa kwenye kapu la taka. Nimezitoa nikazifuta, kesho mapema nizipandishe juu ya bati.