Baba, Nimekukuta Gazetini

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana huko uliko sijui kama mtandao unashika.

Baba, duniani kuna watu wenye bahati, halafu niko mimi mwanao. Nimeingia maktaba siku ya kwanza, nikaomba magazeti ya enzi za ujana wako, nikafunua jalada la kwanza, na palepale nikakukuta: umesimama katikati ya bendi, gitaa unalo, watu wote macho kwako. Wasomi wenye shahada zao wanatafuta mambo miaka na miaka. Mimi wa darasa la saba, tena la kusukumwa, nimepata kwa kidole kimoja.

Unakumbuka Jumapili zetu hapa Mtendeni? Ukishanyoa ndevu unavaa kofia yako ya pama, unachukua ufagio na kuupiga kama gitaa, sauti unaitoa kwa mdomo. Mama akipita na ungo wa mchele anakwambia, "Baba Masanja, ufagio wangu." Unamjibu, "Subiri nimalize, mashabiki wamekaa." Siku moja nikakuuliza kwa nini kofia ina bonyeo utosini. "Shabiki aliikanyaga," ukasema, "walikuwa wanagombania kunigusa. Hata gazetini nilitoka." Nikakuamini, na shule nzima nikaitangazia.

Sasa sikia yaliyotokea msibani kwako. Mtani wako Kondo, yule Mzaramo fundi viatu, alikuja na utani wake wote. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo ulizaliwa na misafara, babu zetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani, na kwamba mtani msibani hakatazwi kitu. Basi Kondo alilia kidogo, kwa jicho moja, akaingia ndani, akatoka na kofia yako kichwani.

"Mnyamwezi huyu katudanganya mpaka kaburini!" akasema. "Gitaa gani alilopiga? Nileteeni hilo gazeti siku ya arobaini. Msipolileta, kofia naenda nayo Uzaramoni!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anautazama ule msumari ukutani inapokaa kofia, haukuwa na kitu. Hapo mdomo ukanitangulia: "Gazeti utaliona, Mzee Kondo, na siku hiyo utaivua mwenyewe!"

Ndiyo nikaenda maktaba. Mimi niliyezunguka na malori hadi Lubumbashi, nilipita mlangoni mara tatu kabla ya kuingia. Mkutubi ni dada mmoja anaitwa Tausi, mpole mpaka uguse karatasi zake. Akaniletea magazeti yaliyofungwa pamoja mwaka kwa mwaka, mazito kama gunia la mpunga. Nikalamba kidole nifunue.

"Kaka, hapa hatulambi!" akanirukia. "Shika pembe ya juu, taratibu. Na hiyo kalamu ya wino rudisha mfukoni, chukua penseli."

Nikafunua kwa adabu, kama namfunua mtoto mchanga aliyelala.

Kumbe ujana wenu ulikuwa moto, Baba! Suruali za bugaluu zinafagia barabara, viatu vya raizoni virefu kama vigoda, nywele kama vichuguu. Na ukurasa wa barua wazee wanalia kwamba vijana wameharibika. Vijana wenyewe ndio nyinyi! Wewe uliyenicharaza kwa sababu suruali yangu imeteremka kidogo! Halafu kuna ukurasa wa marafiki wa kalamu: kijana wa Nzega anatafuta rafiki wa kubadilishana naye picha, anapenda dansi na kuogelea. Nzega, Baba! Anaogelea wapi, kwenye ndoo? Nilicheka mpaka Tausi akagonga meza. Mimi nilikuwa najua starehe ilianza nilipozaliwa mimi. Kumbe nimekuta mmeshamaliza kucheza.

Kwa kuwa magazeti hayatoki nje, nilipokukuta nilimleta Mama. Alivaa kitenge kipya kana kwamba anakuja kukuona mwenyewe. Akainama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akacheka, Baba, kicheko ambacho sijakisikia tangu tukuzike. Safari hii Tausi hakugonga meza.

"Ni yeye," Mama akasema. "Hata sura isingeonekana, shingo hiyo naijua."

"Kumbe unajua?"

"Nijue mara ngapi? Wapigaji walikuwa wanaondoka na mashabiki wao. Baba yako alikuwa wa mwisho kutoka ukumbini, na ndiye aliyenisindikiza mpaka kwetu."

Tausi ametutolea fotokopi. Kesho ni arobaini yako. Nitaiweka mkononi mwa Kondo mbele za watu, acha acheke mpaka ashike ukuta. Akimaliza nitamwambia: sisi ni Wanyamwezi, babu zetu walitoka Kwihara na mizigo kichwani mpaka pwani, na bila wao hakuna bwana mkubwa aliyefika popote. Kofia ataivua. Aliomba gazeti, na gazeti hili hapa. Jioni itarudi kwenye msumari wake, Mama akipita aione.

Lala vizuri, mzee wangu. Ufagio nimeurithi mimi.

Lakini Baba, pale juu nimekudanganya. Haikuwa siku ya kwanza. Ilikuwa wiki ya tano, na jalada la kumi na moja. Na katikati ya bendi hukuwapo, uko pembeni, mlangoni mwa ukumbi. Gitaa hulipigi. Liko ndani ya sanduku, sanduku umelibeba kichwani juu ya kofia, na kofia imebonyea.

Mwanao wa kwanza, mwongo wa pili.