Pipa Nililolivua Blanketi

Shambani kwa zabibu, Dodoma

Mama Fausta wangu,

Hujambo huko Ifakara? Goti lako linasemaje? Mpunga umeshatoa masuke, au ndege wamejua kuwa mwenyewe sipo? Mimi mzima, nimepata mashavu. Ukiniona utauliza huyu bwana harusi wa nani. Maneno ni yangu, kalamu ameshika mpishi wa hapa. Akikosea, mcheke yeye.

Kazi yangu ni kufukuza ndege kwenye zabibu. Mimi, niliyemwambia kiboko "pisha" kule mtoni akapisha na kuomba radhi! Vindege vya hapa nikikohoa tu vinahama wilaya. Shamba ni la Mama Upendo na wanawe. Hawapulizi dawa kabisa; ni samadi ya mbuzi, na kanga wa kudonoa wadudu.

Sasa sikia. Wana waini wanaoutengeneza kama Wahispania, wanauita sheri. Unakaa kwenye pipa la mbao, na pipa halijazwi mpaka juu. Siku moja walikwenda msibani wakaniachia ulinzi. Nikafungua pipa moja. Mama yangu! Utando mweupe umetanda juu ya waini kama kwenye pombe ya komoni iliyosahauliwa. Nikasema hawa wataaibika. Nikachukua upawa, nikaengua kama unavyoengua pombe yako, likang'aa. Waliporudi nikawapeleka mwenyewe wakaone, nangoja sifa.

Mama Upendo akashika kichwa. "Babu, umefanya nini? Ule utando ndio blanketi lake! Ndio unaozuia waini usiharibike!"

"Blanketi, na joto hili la Dodoma?"

Hakucheka. Ni waini wao wa kwanza wa namna hiyo. Mwanawe mkubwa akasema nifungashe nirudi kwetu.

"Bwana mdogo," nikamwambia, "siondoki nikaacha pipa uchi. Ngoja lijifunike."

"Lisipojifunika?"

"Basi narudi Ifakara kwa miguu, na mke wangu atanicheka mpaka Mlimba wasikie."

Mama Upendo akaamua tungoje, mtu asiliguse. Nikakaa mlangoni kama askari, hata panya walinipigia saluti. Lakini kila Mama alipochungulia, mimi nilitazama uso wake kwanza. Usimwambie mtu, moyo ulikuwa mdogo kama punje ya zabibu. Wiki zikapita. Asubuhi moja akaniita, "Babu, njoo uone." Vidoa vyeupe! Baadaye vikaungana, pipa likajifunika lote. Yule kijana akanipa mkono. Nikamwambia lilikuwa linanionea aibu tu.

Dereva aliyebeba barua hii anakuletea chupa ya waini wa pipa hilohilo. Si mtamu kama divai ya kanisani. Ni mkavu, unanukia karanga, na chumvi kwa mbali. Usitie sukari! Nakujua. Kunywa taratibu na samaki wa kukaanga.

Neno kubwa ni hili: wamenipa kazi ya kudumu, kutunza mapipa. Kwa hiyo mavuno haya usinitegemee. Shemeji yangu wa Chita akusaidie kuvuna, naye msalimie. Mama mkwe kule Kiberege mpe shikamoo yangu. Mzee Salumu wa dukani mwambie chupa si ya kwake, namtunzia zabibu kavu.

Ukimaliza kuvuna, panda gari uje. Nina chumba chenye dirisha, na kitanda nalalia upande mmoja tu. Upande wa ukutani ni wako.

Mumeo, mkuu wa mapipa yote,
Baba Fausta