TANURU LILILOGANDA MBELE YA WAWEKEZAJI: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Kamati ya Wanahisa Wadogo, Kiwanda cha Kuyeyusha Chuma
Jumatatu alasiri, chumba cha kubadilishia nguo

Waliohudhuria: Mwenyekiti (ndiye pia meneja wa kiwanda), Mhasibu, Fundi wa Tanuru, Mjane (anayeshika hisa za marehemu mumewe, aliyekuwa mdogo wake Mwenyekiti), Katibu.
Asiyehudhuria: Makamu Mwenyekiti. Inasemekana kapata kazi kwingine.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuomba wajumbe wasianze kutafuta mchawi. Wajumbe walimtazama.

KUMB. NA. 2/ ZIARA YA WAWEKEZAJI
Mwenyekiti alieleza kwamba wawekezaji walitaka kuona uhai kabla ya kutia fedha, ndiyo maana aliagiza tanuru liwashwe mchana. Mhasibu alikumbusha kwamba kiwanda huyeyusha usiku, umeme ukiwa nafuu, na kwamba mchana kipo kiwango ambacho ukikivuka unakatiwa. Mwenyekiti alijibu kwamba mgeni haonyeshwi jiko baridi.

Fundi alieleza kwamba chuma kilikuwa tayari kumiminwa, ila Mwenyekiti alimzuia kwa mkono hadi wageni wamalize kupiga picha. Hapo hapo akaamuru mafeni na taa zote ziwashwe, kiwanda kichangamke. Umeme ukakatwa kwa saa kadhaa. Chuma kikaganda ndani na tanuru likapasuka. Wageni walisema poleni, wakapanda gari. Simu zetu hawapokei.

Mwenyekiti alisema Fundi angetumia akili akamimina. Fundi alijibu: "Ningemimina, ungenifukuza. Sikumimina, umenifukuza."

KUMB. NA. 3/ HISA ZA MAREHEMU
Mjane alikumbusha kwamba alipotaka kuuza hisa amalizie paa la nyumba, mnunuzi alikuwepo, na Mwenyekiti alimzuia akisema mvumilivu hula mbivu. Aliuliza: "Shemeji, hizo mbivu ziko wapi?"

Mwenyekiti aliomba kikaoni aitwe Mwenyekiti. Mjane alisema siku ya msiba alimwita shemeji naye akaitika. Mhasibu alithibitisha kwamba sasa hisa hizo hata bure hazichukuliwi. Katibu, ambaye naye anazo, aliumia, na anaomba hilo liingie humu.

KUMB. NA. 4/ UAMUZI
Aliyejitokeza ni mmoja tu: kiwanda shindani kitanunua tanuru letu kwa kilo, kama chuma chakavu, kikaliyeyushe. Mwenyekiti aliita hiyo fursa. Wajumbe waliridhia kwa kukosa la kufanya. Deni la umeme litalipwa kwanza. Kikibaki chochote, Mjane atangulie. Mhasibu alisema hakitabaki.

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Kikao kilifungwa giza likiingia. Mwenyekiti alimwomba Mjane, aliyekuwa karibu na swichi, azime taa ili kubana matumizi.

Mjane alichukua mkoba wake. "Zima mwenyewe, shemeji. Wewe ndiye uliyewasha."

Mwenyekiti: (amekataa kusaini hadi maneno hayo yafutwe)
Katibu: (amesaini, hayakufutwa)